Nilivyosimama Mvuani Ukweni Bila Kupiga Hodi

Hii habari nimeikalia mwaka mzima na ushee, na mpaka leo nikipita Mikindani nashusha kofia hadi machoni, lakini kwa kuwa nyie mmeshaisikia nusunusu kwa watu wanaoongeza chumvi (eti nilivaa suti ya harusi, eti nilikimbizwa na mchi, uongo mtupu), acheni niisimulie mwenyewe, mnicheke mara moja mmalize. Mimi Nassoro, mwenye kibanda cha kurushia watu muvi kwenye flashi pale Mtwara mjini, ndiye niliyefanya mtu mzima mwenye afya yake aliliwe msiba saa tisa alasiri, na chanzo chake ni sizoni ya Kikorea.

Kwanza mnielewe, msinicheke kabla ya wakati. Mimi zile sizoni za mapenzi za Wakorea nilianza kuziangalia kwa sababu ya kazi, maana wateja wanakuuliza, "Hii nzuri?" na huwezi kujibu hujui. Nikaangalia moja. Nikaangalia ya pili. Ya tatu nikafunga kibanda saa sita mchana nikajifanya nina homa. Jamani, wale watu wanajua kupenda taratibu! Sisi huku mtu anakutana na binti Jumatatu, Ijumaa anamwita mke wangu, lakini kule wanashikana mikono episodi ya nane, na siku wanaposhikana wewe uliyekaa kwenye mkeka wako unajisikia umeshikwa wewe. Mwanaume anakumbuka binti hali vitunguu, anamchambulia. Binti akilewa, anabebwa mgongoni mpaka kwao. Wakubwa wanainamiwa, chakula kinaliwa pamoja, na hakuna mambo ya kumfanya mama yako atoke sebuleni (bi mkubwa wangu mwenyewe anaziangalia, na yule mama mkwe tajiri anayemwagia watu maji usoni amemtukana matusi yote ya Kimakonde anayoyajua). Mchana kutwa nabishana na wateja kuhusu flashi zenye virusi, halafu najifungia na watu wanaoongea kwa upole huku mvua inanyesha polepole. Niliona kama ndivyo nilivyotakiwa kuishi, nimekosewa tu mahali pa kuzaliwa.

Somoe naye alikuja kibandani kwa ajili hiyohiyo. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi huko huko mjini, anatoka kwao Mikindani kila asubuhi, na kila Jumamosi alileta flashi yake yenye kamba nyekundu. Tulianza kwa kubishana nani alistahili kumpata binti, yule tajiri mwenye kiburi au yule kaka wa pili, mpole, ambaye kila siku yupo na kila siku hachaguliwi. Mimi nilikuwa upande wa tajiri. Somoe alikuwa anamlilia yule wa pili. Siku moja akaniambia, anacheka huku anavaa viatu, "Tatizo lenu wanaume wa Mtwara, hamjui kusimama kwenye mvua." Utani tu. Lakini mimi maneno yale niliyabeba nyumbani nikayaweka mahali pazuri, na ndiyo yaliyokuja kuniua.

Tukakubaliana tuoane. Mjomba wangu Chande akawa mshenga, akapeleka barua ya posa kwa adabu zote, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na wao wakasema tutawajibu. Nyumbani kwa kina Somoe msemaji ni mama yake, Mama Shaibu, mjane. Huyo Shaibu ndiye mtoto wake wa kwanza, Somoe aliniambia alizama mto Ruvuma akivuka kwenda biashara zake Msumbiji, nami nikasema "masikini", sikuuliza zaidi. Sizoni zilinifundisha kulia, hazikunifundisha kuuliza.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikaanza kukonda. Nyie mnajua utaratibu wetu, ukishapeleka barua wewe kijana hutakiwi kuonekana kule, kila neno linapita kwa mshenga, na mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho hata mkikutana sokoni. Mjomba akaniambia, "Wameahidi jibu Ijumaa. Tulia, posa siyo bodaboda." Nikashindwa kutulia. Jumatano asubuhi nikampigia Somoe, nikampigia tena, nikampigia mpaka akasema, "Nassoro, niko kazini, mama ana utaratibu wake, subiri Ijumaa, na usiponiacha nifanye kazi nazima simu." Nikapiga tena. Akazima.

Sasa mtu mwenye akili angefungua kibanda. Mimi nikarudia episodi ya kumi na mbili ya ile sizoni tuliyoangalia wote, ile ambayo binti amenuna, na jamaa anakwenda kusimama nje ya nyumba yao kwenye mvua, na koti lake refu, na mwavuli mkononi ambao haufungui, anausubirisha mpaka binti atoke ndipo amfunike yeye. Hasemi neno. Binti anatoka. Muziki unapanda. Nikaangalia nje, na wallahi mvua ilikuwa inaanza kunyesha Mtwara nzima, nikasema hii siyo bahati tu, hii nimeitiwa.

Koti nililokuwa nalo ni la mtumba, rangi ya maharage, refu mpaka kwenye magoti (nililinunua kwa sababu ya sizoni, na nyie mnajua joto la Mtwara mwezi wa pili, ukivaa koti watu wanakuuliza unaumwa nini). Mwavuli nikaazima kwa jirani, mkubwa, mweusi. Nikapanda bajaji. Dereva akanitazama kwenye kioo, akanipa pole. Nikamjibu nishapoa, sikujua hata ananipa pole ya nini. Ningejiuliza pale pale kwa nini mtu asiyenijua ananipa pole, ningegeuza bajaji nikarudi zangu mjini.

Nikafika Mikindani, nikajiweka ng'ambo ya njia, chini ya mkorosho, uso kwa uso na nyumba ya kina Somoe. Mvua sasa siyo ile ya kwenye sizoni inayodondoka kama imepangwa, hii ilikuwa mvua ya kwetu, inakupiga kofi. Kwenye baraza walikuwepo wanawake watano wanabangua korosho, na Mama Shaibu katikati yao na ungo mapajani. Mimi sikuwatazama. Nilitazama mlango. Somoe alikuwa ameniambia siku hiyo anatoka kazini mapema, saa nane, kwa hiyo kwa hesabu zangu yumo ndani, atasikia, atatoka, muziki utapanda.

Kumbe Somoe hayumo. Mvua ilimzuia mjini, yuko chini ya paa la duka anasubiri ipungue.

Sasa nataka mjiweke kwenye lile baraza. Mchumba wa binti yako, ambaye kwa utaratibu hatakiwi kukanyaga pale mpaka Ijumaa, amekuja mwenyewe bila mshenga. Hakupiga hodi. Hakutoa salamu. Amevaa koti kama mtu wa ofisi aliyetumwa na taarifa. Amesimama kwenye mvua, analowa, na mkononi ana mwavuli mzima ambao haufungui. Nilimsikia mmoja akiwauliza wenzake, "Mbona ana mwavuli na haufungui?" Mikono yao ikaacha kubangua mmoja baada ya mwingine.

Mama Shaibu akainuka, akaja mpaka ukingoni mwa baraza. Akasema, "Nassoro. Baba. Kuna nini?"

Nilitakiwa nijibu. Neno lolote, hata shikamoo ingetosha. Lakini kwanza yule wa kwenye sizoni hasemi, na pili yule ni mkwe, na mimi adabu za mkwe nilizikumbuka saa ile tu, kati ya saa zote. Nikainamisha kichwa. Maji yakawa yananiingia machoni, nikayafuta kwa mkono.

Ungo ukaanguka. Korosho zikamwagika mpaka kwenye matope. Mama Shaibu akaweka mikono kichwani na akatoa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikiwa peke yangu kibandani na feni imezimwa. "Na huyu tena! Mwenyezi Mungu, na huyu tena!" Akaketi chini, siyo kwa kuanguka, aliketi kama mtu anayefika mahali anapopajua. Wale wanawake wakapokea kilio, na mnajua kilio cha kwetu hakikai nyumba moja, kwa dakika chache njia nzima imejaa watu, wanaume wanatoka na makoti ya mvua, mikeka inatandikwa, viti vinaletwa kutoka nyumba ya tatu, na kijana mmoja wa msikitini anauliza jina kamili la marehemu ili likatangazwe.

Hapo ndipo nilipoelewa. Na hapa, jamani, ndipo penye aibu yangu ya kweli, mengine yote ni ujinga tu. Nilielewa, na sikusema. Siyo kwamba sikupata nafasi. Nilikuwa nayo. Lakini ungeanzaje? Unawaambiaje watu wanaolia, jamani nyamazeni, hakuna aliyekufa, mimi naigiza sizoni? Nikawa najiambia, wakitulia kidogo nitasema. Mzee mmoja akanishika bega, "Pole sana, kijana." Na mdomo wangu, bila hata kuniuliza, ukamjibu, "Nishapoa, mzee." Akaja mwingine, pole, nishapoa. Wa tatu, wa nne. Wakanikalisha kwenye kiti, wakanifungulia mwavuli wangu wakanifunika nao. Kuna mama akampigia Somoe simu, haipatikani (si alishaizima kwa sababu yangu?), akairudisha simu kifuani akatikisa kichwa, na kilio kikapanda upya. Kila nilipojibu nishapoa nilikuwa namzika mchumba wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikajikaza, nikasimama, nikasema, "Samahanini, Somoe hajafa." Nikasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Yule mama wa simu akanikumbatia, akawaambia wenzake, "Hajakubali bado, mwacheni alie."

Sijui ingefika wapi kama mvua isingepungua. Bajaji ikasimama pale njiani, na Somoe akashuka na kibegi chake. Akaona watu, akaona mikeka, akasikia kilio kinatoka kwao, na yeye ana mama mmoja tu. Alitupa begi. Alikimbia akipiga kelele, "Mama yangu! Mama yangu jamani!" na watu waliokuwa wanamlilia wakampisha njia, wengine wakakimbia kabisa (mzee mmoja aliruka ukuta wa jirani, na anatembelea fimbo). Ndipo mtani wao mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa ameshajifunga kanga kiunoni kwa ajili ya kufanya vituko vya matanga, akashika mdomo, akasema, "Hee! Marehemu wa siku hizi anakuja kwenye msiba wake kwa bajaji!"

Watu wakacheka. Mimi nikataka kucheka nao. Lakini nilimwona Mama Shaibu. Alikuwa palepale chini, Somoe amepiga magoti mbele yake, na yule mama anampapasa uso kwa mikono miwili, masikio, shingo, mabega, kama mtu kipofu, mikono bado ina weusi wa maganda ya korosho, anampaka binti yake weusi uso mzima na wala hajui. Alikuwa anahesabu tu kama mtoto yuko kamili.

Kisha wote wakageuka kunitazama mimi. Watu kama sitini hivi, na mimi na koti langu.

Somoe alinitazama muda mrefu. Akaona koti, akaona mwavuli, akaona nilipokuwa nimesimama. Katika watu wote wale ni yeye peke yake aliyeelewa. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Nassoro. Ni ile ya kumi na mbili?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimgeukia mama yake, akamfuta uso kwa ncha ya ushungi, na wakati huohuo mama akaanza kupumua kwa shida, presha imempanda, wakamchukua kwenye bajaji ileile iliyomleta Somoe, akalazwa siku mbili. Mimi nilirudi mjini kwa miguu mpaka nikachoka, ndipo nikapanda bodaboda, na yule wa bodaboda naye akanipa pole. Sikumjibu.

Mjomba Chande alikwenda Ijumaa, kwa sababu mshenga hawezi kutokwenda. Alirudi jioni, akakaa kwenye kigoda, akavua kofia. Sijawahi kumwona mjomba wangu mzee namna ile. Akaniambia, "Unajua habari za Shaibu zilivyofika kwao?" Nikasema alizama. "Hilo kila mtu analijua. Aliyeleta habari ni rafiki yake, walikuwa wote kwenye mtumbwi. Alifika mchana, akasimama pale chini ya ule mkorosho, akashindwa kupiga hodi. Mama wa watu alikuwa anatwanga. Alipomwona kijana amesimama hasemi, akajua." Mjomba akasugua magoti. "Wewe nawe ukaenda kusimama palepale."

Nililia siku ile, na hakukuwa na muziki wala nini.

Akatoa kwenye mfuko wa kanzu kitambaa chetu cheupe, kikiwa na barua yetu ndani, imerudishwa. Nikamuuliza, kwani jibu lingekuwa nini? Mjomba hakutaka kusema, nikamng'ang'ania. Akasema, "Jibu lilikuwa tayari tangu Jumanne. Alilikunjia kwenye pindo la kanga, anasubiri Ijumaa kwa sababu Ijumaa ni siku njema. Alikuwa amekubali." Siku mbili, jamani. Mimi niliyengoja episodi nane watu washikane mikono, nilishindwa kungoja siku mbili.

Somoe alinipigia mara moja tu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri, yote ya kwenye sizoni, nikayaacha, nikasema nisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, Nassoro, na sikuchukii. Lakini kila nikikuwaza namwona mama yangu pale chini, ananipapasa. Siwezi kuishi na hilo nyumba moja." Nikamuuliza kama ile habari ya wanaume wa Mtwara na mvua alikuwa anaimaanisha. Akasema, "Mimi si nilikuwa nampenda yule wa pili? Yule anayekuwepo tu." Sasa ameolewa Masasi na mwalimu, na walioniambia wanasema ni mtu mpole sana, na sikushangaa.

Baada ya harusi yao nilimwomba mjomba anipeleke nikamwangukie Mama Shaibu. Nilianza kupiga hodi tangu barabarani. Hodi, hodi jamani, hodi humu ndani, nilipiga mpaka mjomba akanivuta shati. Na ndani nikasikia sauti yake, "Karibuni." Tukakaa barazani, nikaomba radhi macho chini, hakunikatisha. Nilipomaliza akanisogezea kisahani cha korosho, akasema, "Kula, baba. Yameisha." Tulipoaga ndipo akaongeza, wala hakusema kwa hasira, alisema kama anavyomwambia mtoto aliyejikwaa, "Ungepiga hodi tu, Nassoro. Mlango ulikuwa wazi."

Sizoni bado nauza, ndiyo riziki yangu, na wateja wakiniuliza hii nzuri nawaambia nzuri sana, angalia, lia, ukimaliza zima. Koti nilimpa mlinzi wa usiku wa pale sokoni, mwavuli nikamrudishia jirani. Na nimejiapia, popote nikifika, hata kama naleta habari njema, hata kama nimetumwa chumvi, nitapiga hodi nisikike. Imekuwa mazoea mpaka jioni nikifunga kibanda na kurudi kwangu nafungua kufuli, nasukuma mlango, nasema hodi, halafu nakumbuka kwamba naishi peke yangu na hakuna wa kuniambia karibu.